Chini ya Mwembe wa Mama Mkwe

Nyumba tuliyohamia Tanga mwaka 2014 ilikuwa ya wazazi wa mume wangu. Mbele ina baraza, nyuma ina uwanja wa udongo wa kichanga, na katikati ya uwanja umesimama mwembe ambao mama mkwe aliupanda mwaka aliomzaa mume wangu. Mwembe huo umeumeza uwanja karibu wote. Saa sita mchana unaweza kukaa chini yake ukachambua mchele bila kukunja uso.

Mama mkwe alikuwa hai bado, macho yamepungua nguvu, na jioni akiletewa kiti chake alikuwa na swali moja: "Mwanangu, asumini imetoa?" Namjibu bado. Asumini yake ilikuwa kando ya ukuta wa nyuma, imerefusha vitawi vyembamba vinavyotambaa huku na huku, majani tele, ua hakuna. Zamani ilikuwa ikichumwa kikapu kizima, ikatungiwa vikuba vya harusi za mtaa. Nilidhani mkono wangu ndio mbaya. Nikaimwagilia, nikaitia samadi, nikaipogoa. Majani yakazidi.

Asumini haikuwa na ugonjwa. Alipoipanda, mwembe ulikuwa mche wa kufika kiunoni. Miaka arobaini baadaye mwembe ulikuwa umeichukulia jua lote, na asumini bila jua huishi lakini haichanui inavyostahili. Mimea yake miwili aliyoipenda ilikuwa imegombana polepole, mmoja ukashinda, na hakuna aliyeona ugomvi ule ukitokea. Nilipolielewa hilo, mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Nilitamani sana ningeweza kumwambia.

Mwembe sikuukata, na sitaukata. Ikabidi nijifunze maua yanayokubali kuishi chini yake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kwa macho. Muuza miche mmoja wa barabarani alikuwa na mawaridi mekundu na bogenvilia za zambarau, yote yamechanua ndani ya viriba. Nikamwambia kwangu kuna kivuli. Akasema, "Mama, hizi hata uvunguni zinaota." Nikachukua waridi sita na bogenvilia mbili. Mawaridi yalimaliza maua yaliyokuja nayo, kisha yakaanza kujinyoosha upande wenye mwanga, yakakonda, majani yakapata madoa meusi na kupukutika. Baada ya miezi minane yalibaki mawili. Nilimpa jirani mwenye uwanja wa jua, na kwake yakachanua tena. Bogenvilia hazikufa, ila zilibaki kijani na miiba. Ile rangi tunayoiita ua la bogenvilia kwa kweli ni majani maalumu yanayokizunguka kiua chenyewe, kidogo na cheupe, na mmea hauyatoi majani hayo kwa wingi pasipo jua kali. Ukinunua mche uliochanua, unanunua jua la kitalu alikotoka muuzaji. Wewe muulize maji na mwanga wa huko, usiulize rangi.

Ndipo nikaanza kukipima kivuli chenyewe. Nilichonga vijiti kumi na viwili, nikavichomeka sehemu mbalimbali za uwanja, na kwa siku kadhaa za mwezi wa saba nikawa natoka saa mbili asubuhi, saa tano, saa nane na saa kumi na moja jioni kuandika kwenye daftari kijiti kipi kinapigwa na jua. Daftari lile limenifaa kuliko mbolea yoyote niliyowahi kununua. Uwanja ambao nilikuwa nauona wote ni giza moja ulikuwa na vivuli vya aina tatu. Karibu na shina la mwembe jua halifiki asilani. Pembezoni mwa matawi kuna kivuli cha madoadoa, jua linapita kwenye majani na kucheza chini, na saa za jioni linaingia kwa ubavu. Halafu kuna kivuli cha ukuta, upande wa kusini wa vyumba vya uani, ambako kutwa nzima palikuwa pameshika ubaridi.

Pale ukutani nilipapenda kuliko kote. Udongo wake haukuwa na mizizi ya mwembe. Mwishoni mwa mwezi wa tisa nikapalima, nikachanganya mboji na makumbi ya nazi yaliyooza, nikapanda kaladiamu za majani ya rangi ya waridi na meupe, na yale maua meupe yenye umbo la kijiko, yanayotoka misitu ya joto ya Amerika na kuuzwa kwetu kama maua ya ndani. Mvua za vuli zikayakuta yako tayari. Yakapendeza hadi wageni wakawa wanapitishwa uani kuyaona.

Mwezi wa kwanza yakaungua. Siyo kunyauka, kuungua. Majani yalipauka, yakawa kama karatasi, yakatoboka. Nilitoka na daftari langu saa saba mchana nikakuta jua limeulalia ukuta ule wote.

Nililala nikiliwaza, na asubuhi nikachora duara mchangani kama nilivyokuwa nikiwachorea watoto darasani, maana nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja. Tanga iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa tatu hadi mwanzoni mwa mwezi wa kumi, jua la mchana kwetu linakuwa upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unatupa kivuli chake kusini. Mwezi wa sita, ukuta wa mita 3 hutoa kivuli cha kama mita moja na nusu saa sita mchana. Kisha jua linavuka. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza liko kusini yetu, na kivuli kile kimehamia upande wa pili wa nyumba. Tena linavuka wakati wa kaskazi, upepo wa joto na ukame, kipindi ambacho mmea wa kivuli unakihitaji kivuli kuliko wakati wowote wa mwaka. Nilikuwa nimeyafundisha haya mambo ya jua na misimu mara nyingi mno, ubaoni, bila kuyapeleka bustanini.

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa ajili ya nchi za mbali ambako ukuta wa upande fulani una kivuli mwaka mzima. Sisi wa karibu na ikweta ukuta wetu una kivuli cha msimu. Anayetaka kupanda ukutani apime mara mbili, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Mti ndio wenye kivuli cha kudumu, hasa mti usiopukutisha majani kama mwembe.

Leo kitalu kile cha ukutani kina mimea inayovumilia hali zote mbili. Krosandra za rangi ya chungwa ndizo zilizofaa zaidi. Ni kichaka kifupi, hakifiki mapajani, na kinatoa maua mwezi baada ya mwezi kikipata maji. Huko India ya kusini wanawake huyatunga maua hayo na kuyavaa nyweleni, nami nilipolijua hilo nikayapenda zaidi, kwa kuwa ni ndugu wa kikuba chetu. Kando yake nimeacha tikini ijiotee, ile ile tunayochuma mboga. Watu huing'oa kama magugu. Mimi nasema itazameni asubuhi ikiwa na vikombe vyake vyeupe vyenye doa la zambarau, na nyuki wamejaa, kisha muamue.

Kuna jambo jingine lililonigharimu pesa, nalo ni kudhani kwamba kivuli na baridi ni kitu kimoja. Tulikwenda Lushoto kwa msiba, na kwenye ua wa wenyeji wetu nikaona haidranjia: mafungu ya maua makubwa kama vichwa vya watoto, ya samawati, yamejaa kando ya ngazi. Wenyewe wakaniambia yanapenda kivuli. Kweli yanapenda. Nikarudi na miche minne magotini hadi Tanga, nikaipanda mahali pazuri kabisa, chini ya madoadoa ya mwembe, nikainywesha asubuhi na jioni. Mmoja ulitoa ua dogo lisilo na rangi ya maana. Mwaka haukuisha, yote imekwisha. Lushoto iko juu milimani, kama mita 1,400 hivi, na usiku wake unashuka ubaridi wa kujifunika blanketi. Usiku wa Tanga mwezi wa pili unalala juu ya shuka unatoka jasho. Kivuli cha mwembe wangu kinaondoa jua, joto la usiku hakiliondoi. Hata ule usamawati ulikuwa wa udongo wa kule: haidranjia hupata samawati kwenye udongo wenye asidi, kwa sababu humo mmea unaweza kuinywa alumini. Tangu siku hiyo nikiona ua la kivuli nauliza kwanza, je, kwao usiku kukoje?

Sasa nije kwenye shina la mwembe, mahali pagumu kuliko pote. Watu hudhani tatizo ni mwanga. Tatizo ni kiu. Mvua nyepesi inaishia majanini juu, chini haifiki; na ile inayofika, mizizi ya mwembe inaiwahi. Mara nyingi baada ya mvua nimefukua majani yaliyoanguka nikakuta udongo wa chini mkavu kama unga. Mwanzoni nilileta mikokoteni mitatu ya udongo mweusi nikaumwaga kuzunguka shina, nikajenga ukingo wa mawe, nikapanda. Ilipendeza kwa muda mfupi. Mzee mmoja anayepanda minazi alipita kunisalimia, akauona, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mama, umeufunika pua." Alinieleza kwamba mizizi inayovuta chakula iko juu juu na inahitaji hewa, na gome la shina likifukiwa linaoza. Nilipouondoa ule udongo nikakuta vijizizi vya mwembe vimeshapanda vikaujaza, vinanywa samadi yangu. Nilishukuru kwamba shina lilikuwa halijaanza kuoza.

Tulipouita mkono wa mtu wa kupogoa, baada ya maembe kwisha na kabla ya masika, nilimwomba aondoe matawi ya chini tu na machache ya ndani. Kazi ya asubuhi moja. Giza la shinani likawa madoadoa mepesi, na msimu uliofuata maembe hayakupungua.

Kwenye mizizi yenyewe nilijifunza kupanda mche mdogo kabisa. Mche mkubwa unadai shimo kubwa, shimo kubwa linadai kukata mizizi. Mche wa kiriba kidogo unauchomeka kwenye mfuko wa udongo kati ya mzizi na mzizi, nao utajitafutia njia yake. Masale yameshika vizuri namna hiyo, yale yale ambayo Wachagga huyatumia kuomba msamaha na watu wa milimani hupandia mipaka. Pasipokubali kabisa nimeweka vyungu, hasa vile vilivyopata ufa ambavyo havifai tena kupikia. Ndani yake kuna lile ua laini la rangi ya waridi, jeupe au jekundu, ambalo tumba la mbegu zake likiiva, ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu. Wajukuu hawachoki nalo. Wataalamu huliita Impatiens walleriana. Linauzwa dunia nzima kwenye bustani za kivuli, na kwao asili ni huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Linataka maji kila siku wakati wa kaskazi, ukilisahau siku moja linalala chini, ukilimwagia linainuka.

Lakini aliyenifundisha hasa ni ua la kitunguu ambalo sikulinunua. Mwaka 2016, mvua za kwanza zilipoanguka, karibu kabisa na shina likatokeza shavu jekundu ardhini, na baada ya siku chache likafunguka mpira mzima wa vijinywele vyekundu, mkubwa kuliko ngumi zangu mbili. Sikuwahi kulipanda. Jirani yangu, bibi wa Kidigo ambaye namwamkia kila asubuhi, aliniambia mama mkwe alikichukua kitunguu chake shambani enzi hizo na kukifukia pale. Kwa jina la kitaalamu ni Scadoxus multiflorus, na hali yake imeelekeana na mwembe kwa namna ya ajabu. Kiangazi chote, udongo ukiwa mkavu, kinalala chini hakidai tone. Mvua zikija kinaamka, kinachanua, kinaweka majani, kinajaza akiba, kinalala tena. Nilikuwa nimehangaika kubeba ndoo kwa mimea inayokunywa mwezi wa pili, na chini ya miguu yangu kulikuwa na ua lililokwisha kupatana na mwembe zamani. Sasa viko vitunguu tisa. Nimewaonya watoto wasivichezee, maana vina sumu.

Na kaladiamu pia, nilisema hapo juu zilikuwa nzuri, sasa nieleze kwa nini sizipandi tena mahali pa chini. Mjukuu wangu akiwa na mwaka mmoja na miezi alitafuna jani. Mdomo ulivimba, akalia kilio ambacho sitakisahau. Tulimsafisha kinywa kwa maji, tukakimbia hospitali, akapona siku hiyo hiyo. Majani hayo na ya jamaa zake wengi wa kivuli, pamoja na lile la majani mapana yenye mabaka meupe linalowekwa sebuleni, yana chembe kali kama sindano ndogo ndogo zinazochoma ulimi na koo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isiwe nayo, au yainuliwe juu asikofika.

Mwaka 2017 nilipanda kwenda Amani, juu ya Muheza. Nilitaka kuona jinsi msitu wenyewe unavyojipanga. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu wake ukatangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, wa kwanza Tanzania kupewa hadhi hiyo. Nilitembea na mwongoza wageni asubuhi nzima, naye alinionesha ua ninalolijua tangu zamani katika vikopo vya madirishani, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Wazungu waliliita Saintpaulia kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Alilikuta huku mwaka 1892, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina hilo. Limeenea madirisha ya ulimwengu kutoka milima yetu na mawe ya chokaa ya karibu na mji wetu. Nilichokishangaa ni mahali linapoishi. Halikuwa kwenye udongo mnene. Lilikuwa limeshika jiwe lenye kuvu la kijani, limejibana kwenye ufa, maji yanapita hayatuami. Nyumbani nilikuwa nimeyaua matatu kwa kuyapa udongo mzito na maji mengi, kwa mapenzi. Sasa yangu yanakaa kwenye vipande vya makumbi na kokoto, kwenye kibaraza cha nyuma, na yanachanua. Nilinunua kwa mtu anayeyazalisha. Ya msituni hayang'olewi.

Nilionyeshwa pia upande wa pili wa jambo. Kuna kichaka cha Amerika, Clidemia hirta, majani ya manyoya na vitunda vya zambarau ambavyo ndege huvipenda, kinachokubali kivuli vizuri sana. Kinaukubali vizuri hata kimeuvamia msitu na kuifunika miche ya asili. Kwa hiyo neno "kinavumilia kivuli, hakihitaji matunzo" haliniridhishi siku hizi. Nauliza ndege watakipeleka wapi.

Huko huko kwenye mazungumzo ya njiani nilimweleza mwongoza wageni habari ya asumini ya mama mkwe. Akasimama. Akaniuliza, mbona huko pwani mnao mkilua?

Mkilua nilikuwa naujua kwa pua tu, kwa vile vilua vikavu ambavyo bibi zetu walivitia katikati ya kanga sandukuni. Sikujua kwamba ni kichaka cha misitu ya pwani, ya Kenya na ya huku Tanzania, kilichozoea kuishi chini ya miti mikubwa. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouweka katika jenasi yake wenyewe aliipa jenasi hiyo jina lile lile la Kiswahili, Mkilua. Ua lake halivutii macho. Halina rangi ya kung'aa, linaning'inia, na mtu anaweza kupita bila kuliona. Harufu ndiyo inayokusimamisha. Hapo ndipo fikra yangu yote ya bustani ya kivuli ilipogeuka. Nilikuwa natafuta rangi mahali ambapo rangi hazionekani. Mekundu mazito chini ya mwembe jioni huwa meusi tu. Kivulini yanayoonekana ni meupe, na harufu haihitaji mwanga kabisa.

Niliutafuta mche mwaka mzima. Nilipoupata, kupitia yule yule bibi jirani, ulikuwa na majani manne. Niliupanda mwaka 2018 mahali penye madoadoa, mita tatu kutoka shinani, nikauwekea matandazo ya majani ya mwembe niliyoyakatakata kwa panga, kwa maana mazima yanakaa kama ngozi na kuzuia maji. Hauna haraka. Mwaka wa kwanza uliongeza majani machache, mwaka wa pili nikadhani umekwama. Nilijizuia kuuchimba na kuuhamisha. Mwaka 2022, baada ya masika, nilikuwa nafagia majani jioni nikaisikia ile harufu kabla ya kuliona ua lenyewe. Nilitafuta chini ya majani kwa mikono.

Wiki iliyopita bibi jirani alibisha hodi mlango wa uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa kwenye kiti kile cha mama mkwe. Mjukuu wake anaolewa mwezi ujao; asumini za kikuba amezipata, majani ya rehani ya kunukia anayo. Akaniuliza, "Mwanangu, mkilua umetoa?" Tukaenda naye tukainua majani, tawi kwa tawi, tukihesabu. Maua yalikuwa kumi na moja, na matumba mengine yanakuja.